Mkia wa Panzi Umeazimwa

Haya, sogeeni karibu. Anayekula aendelee kula. Anayejikuna aendelee kujikuna. Mimi naomba masikio tu.

Kulikuwa na msichana anaitwa Nyamizi. Alikuwa na miaka sita na pengo moja la mbele.

Nyamizi aliishi Kasungwa, kijiji cha watu wanaopenda kuazima.

Watu wa Kasungwa waliazima ungo. Waliazima mwiko. Waliazima kinu, na mchi wa kinu, na mtu wa kutwanga.

Mzee Lugendo aliwahi kuazima meno ya bandia ya jirani yake. Alikwenda nayo harusini, akala nyama, akayarudisha yameshiba.

Hata jogoo wa kijiji alikuwa wa kuazima. Jumatatu aliwika kwa huyu. Jumanne aliwika kwa yule. Ikifika Ijumaa, sauti imemkauka kabisa.

Kuazima kwenyewe kulikuwa hivi:

"Hodi, hodi! Naomba kuazima!"
"Chukua, jirani! Ila urudishe!"

Basi. Hakuna aliyemnyima mwenzake. Na hakuna aliyekwenda kudai. Kudai kitu chako ilikuwa aibu kubwa, kama kwenda sokoni bila suruali.

Siku hizo Nyamizi alikaa na Shangazi Kabula. Baba alikuwa msituni, anachonga mizinga ya nyuki. Mama alikuwa hospitali, ng'ambo ya mto, anasubiri mtoto.

Shangazi Kabula alikuwa rubani. Alikuwa na ndege ndogo ya njano. Jina lake Panzi, kwa sababu kabla ya kuruka alirukaruka kwanza.

Tuku-tuku-tuku! Tuku-tuku-tuku! Vruuuuu!

Mvua ilinyesha, daraja likaenda na maji. Mama akabaki ng'ambo. Siku moja. Siku mbili. Siku tisa!

Nyamizi alizihesabu siku hizo kwa vidole. Kilibaki kidole kimoja tu, na hakutaka kukitumia.

Asubuhi moja simu ya Shangazi ililia. Kriii! Kriii!

"Nyamizi wangu," alisema Mama ndani ya simu. "Umepata mdogo wako wa kiume. Sote wazima. Njooni na ndege mtuchukue leo."

"Leo leo?" aliuliza Nyamizi.

"Leo leo. Nimekaa kwenye benchi, hapa nje. Naangalia juu."

Nyamizi alikimbia mpaka kwa Panzi. Alikimbia na kiatu kimoja. Cha pili kilikuwa kimeazimwa.

Alifika. Akasimama. Akamzunguka Panzi mara moja. Akamzunguka mara mbili.

"Shangazi! Panzi hana mkia!"

Ni kweli. Mbele kulikuwa na pua na feni yake. Katikati kulikuwa na mabawa makubwa. Nyuma hakukuwa na kitu. Panzi alikuwa amekatika kama soseji.

"Ah," alisema Shangazi Kabula. Alitazama pembeni. "Mkia umeazimwa."

"Nani ameazima mkia wa ndege?"

"Ule mkia wa kulala, yale mabawa madogo mawili, anayo Mama Kulwa. Alitaka vibao vya kusukumia chapati."

"Na ule mkia wa kusimama?"

"Anao Mzee Lugendo. Banda lake la mbuzi halikuwa na mlango."

"Shangazi! Mbona uliwapa?"

"Walipiga hodi vizuri," alisema Shangazi.

"Basi twende tukavidai!"

Shangazi Kabula aliziba masikio. Aliziba macho pia, lakini mikono haikutosha, akaziba jicho moja.

"Kudai! Sisi? Kasungwa hii? Mwanangu, usinitie aibu. Kitu cha kuazima hurudi chenyewe."

"Kitarudi kwa miguu gani?" aliuliza Nyamizi.

Shangazi alijifanya hakusikia. Alivaa kofia yake ya urubani.

"Mkia ni pambo tu," alisema. "Mbona chura hana mkia, na anaruka? Panda, twende."

Nyamizi alipanda. Alifunga mkanda. Alimfikiria Mama kwenye benchi.

Tuku-tuku-tuku! Tuku-tuku-tuku! Vruuuuu!

Panzi alipaa. Lakini hee! Hakwenda mbele vizuri.

Pua juu! Pua chini!
Pua huku! Pua huko!

Pua ilikwenda juu, Nyamizi akaona mawingu. Pua ilikwenda chini, Nyamizi akaona kuku. Mawingu! Kuku! Mawingu! Kuku!

"Panzi anaitikia nini?" aliuliza Nyamizi. "Mbona anatikisa kichwa hivyo?"

"Sijui!" alilia Shangazi. "Ninamwambia mbele, yeye anasema ndiyo, ndiyo, ndiyo, lakini haendi!"

Kisha Panzi akatikisa kichwa huku na huko, kama mtoto anayekataa uji.

Pua juu! Pua chini!
Pua huku! Pua huko!

PWAAA!

Walitua kwenye rundo la maganda ya karanga. Lilikuwa rundo kubwa na laini. Hakuna aliyeumia. Shangazi alitoka na ganda kwenye kila tundu la pua.

"Sasa nimejua," alisema Shangazi, akipiga chafya. "Kinachoyumba ni nini? Pua. Dawa hupakwa penye kidonda. Tufunge kitu puani!"

Walikwenda kwa jirani wa kwanza.

"Hodi, hodi! Naomba kuazima ungo!"
"Chukua, jirani! Ila urudishe!"

Walikwenda kwa jirani wa pili.

"Hodi, hodi! Naomba kuazima ungo!"
"Chukua, jirani! Ila urudishe!"

Shangazi alifunga ungo mmoja kushoto mwa pua. Alifunga ungo mwingine kulia. Panzi sasa alikuwa na masikio.

"Umependeza," Shangazi alimwambia Panzi.

Tuku-tuku-tuku! Tuku-tuku-tuku! Vruuuuu!

Panzi alipaa. Pua ikaenda kushoto kidogo. Upepo ukazipiga zile nyungo za puani. Pua ikaenda kushoto zaidi. Upepo ukazipiga tena. Pua ikazunguka, ikazunguka, ikazunguka.

Panzi akageuka nyuma mbele!

Pua nyuma! Makalio mbele!
Pua nyuma! Makalio mbele!

"Shangazi, tunakwenda wapi?"

"Sijui! Ila naona vizuri sana tulikotoka!"

Angani walimpita korongo. Korongo aliwatazama mara moja. Aliwatazama mara ya pili. Kisha alishuka chini, akaendelea na safari kwa miguu.

PWAAA!

Walitua kinyumenyume kwenye shamba la viazi vitamu. Hakuna aliyeumia. Lakini nyungo zilikuwa zimetoboka, na Shangazi alikaa juu ya tuta akiwa na majani ya viazi kichwani.

"Tukae hapa," alisema Shangazi kwa sauti ndogo. "Pengine mkia utarudi wenyewe mwezi ujao."

Mwezi ujao!

Nyamizi alikaa chini na kulia. Alilia kwa sauti, maana pale shambani hakuna aliyelala. Alimtaka mama yake. Alimtaka leo. Mama alikuwa kwenye benchi, anaangalia juu, na juu hakukuwa na kitu.

Kando yake kulikuwa na gunzi la mahindi. Nyamizi alilishika, akalirusha kwa hasira.

Bilingi, bilingi, bilingi! Gunzi lilipinduka hewani. Kichwa juu, kichwa chini. Puu! Likaanguka.

Nyamizi aliacha kulia.

"Hivyo ndivyo alivyofanya Panzi," alisema.

Watoto wa Kasungwa wanaijua dawa ya gunzi. Wanalichomekea manyoya ya kuku. Na jogoo wa kijiji alikuwa pale pale, anachakura viazi.

"Hodi, jogoo," alisema Nyamizi. "Naomba kuazima manyoya matatu."

Jogoo hakujibu. Ilikuwa Ijumaa. Lakini manyoya yalikuwa yamemdondoka chini, mengi tu, na Nyamizi akaokota matatu.

Kwanza aliyachomeka mbele ya gunzi, kama masikio. Akarusha.

Bilingi! Gunzi likageuka nyuma mbele.

"Kama zile nyungo!" alisema Nyamizi.

Kisha alichomoa manyoya, akayachomeka nyuma ya gunzi. Akarusha.

Fyuuuuu!

Gunzi lilikwenda mbele. Moja kwa moja! Halikupinduka. Halikuzunguka. Lilikwenda kama linajua linakokwenda, likampiga Shangazi kwenye kofia. Tok!

"Samahani, Shangazi."

"Rusha tena," alisema Shangazi. Alikuwa ameinuka.

Fyuuuuu! Tok!

"Rusha tena!"

Fyuuuuu! Tok!

Shangazi Kabula alijua kurusha ndege. Kwa nini ndege hukaa sawa angani, hilo hakuwahi kuuliza. Sasa aliuliza.

"Kwa nini, Nyamizi? Manyoya yanafanya nini huko nyuma?"

Nyamizi alishika gunzi mbele ya uso wake. Alipuliza. Fuuu!

"Tazama, Shangazi. Mimi ni upepo. Pua ikipanda, mkia unashuka. Mimi naupuliza mkia kwa chini. Fuuu! Mkia unapanda, pua inarudi mahali pake."

"Na pua ikishuka?"

"Mkia unapanda. Naupuliza kwa juu. Fuuu! Unarudi."

"Hiyo ndiyo kazi ya mkia wa kulala!" alisema Shangazi.

"Na pua ikienda kushoto, mkia unakwenda kulia. Upepo unaupiga ubavuni. Fuuu! Rudi katikati, wewe!"

"Na hiyo ndiyo kazi ya mkia wa kusimama!" Shangazi alishika kichwa. "Mama yangu! Kumbe nimeazimisha adabu ya ndege!"

Wote wawili walimtazama Panzi. Panzi maskini. Hakuwa mkorofi. Hakuwa na mkia tu.

"Lazima tuupate ule mkia," alisema Nyamizi.

"Lakini kudai ni aibu," alisema Shangazi.

Nyamizi alifikiri. Alifikiri mpaka ulimi ukatokea kwenye pengo.

"Shangazi, kudai ni aibu. Na kuazima?"

"Kuazima? Kuazima si aibu hata kidogo."

"Basi twende tukaazime mkia wetu!"

Shangazi alifungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena, akacheka mpaka majani ya viazi yakamdondoka.

Walikwenda mpaka kwa Mama Kulwa. Shangazi aliona haya, akajificha nyuma ya mgomba. Mgomba ulikuwa mwembamba, na Shangazi hakuwa mwembamba. Kila mtu alimwona.

Mama Kulwa alikuwa anasukuma chapati juu ya bawa la kushoto. Alizipanga juu ya bawa la kulia.

"Shikamoo, Mama Kulwa."

"Marahaba, mwanangu."

"Hodi, hodi! Naomba kuazima vibao hivyo viwili!"

"Chukua, mwanangu! Ila urudishe!" alisema Mama Kulwa. "Ni vibao vizuri sana. Niliviazima kwa mtu. Nimemsahau ni nani."

Mgomba ulikohoa.

Walibeba mabawa mawili, na unga wake, na chapati moja mbichi iliyoganda chini. Haikubanduka. Waliiacha.

Kisha walikwenda kwa Mzee Lugendo. Mkia wa kusimama ulikuwa umesimama mlangoni mwa banda. Nyuma yake kulikuwa na mbuzi kumi na wawili.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Hodi, hodi! Naomba kuazima mlango!"

Mzee Lugendo alitaka kusema chukua. Neno lilifika kwenye ulimi. Kisha aliwatazama mbuzi wake. Mbuzi nao wakamtazama yeye.

"Mjukuu wangu," alisema polepole. "Mlango ukitoka, mbuzi watatoka. Mbuzi wakitoka, watakula mchicha wa kijiji kizima. Mlango wa nini?"

"Nikamchukue Mama, babu. Na mdogo wangu. Mama yuko kwenye benchi. Anaangalia juu."

Mzee Lugendo naye aliangalia juu. Alivua koti lake. Alivua viatu vyake. Alisimama katikati ya mlango wa banda, akatanua mikono na miguu.

"Chukua," alisema. "Mimi nitakuwa mlango."

"Utaweza, babu?"

"Wee nenda. Mlango hausemi sana."

Mbuzi wa kwanza alimsukuma kwa kichwa. Tup!

"Nimefungwa," alisema Mzee Lugendo.

Nyamizi na Shangazi walikimbia. Shangazi alishika spana. Nyamizi alishika bolti, akampa moja moja.

Kaza, kaza! Bawa dogo la kushoto.
Kaza, kaza! Bawa dogo la kulia.
Kaza, kaza! Mkia wa kusimama, katikati, juu.

Shangazi aliutikisa mkia kwa nguvu zake zote. Mkia haukucheza. Aliunganisha na nyaya zake. Akakagua mara moja, akakagua mara mbili, na mara ya tatu akakagua kwa ajili ya Mama.

Tuku-tuku-tuku! Tuku-tuku-tuku! Vruuuuu!

Panzi alipaa.

Upepo ukaja. Pua ikapanda kidogo. Nyamizi alifumba macho.

Fuuu! Mkia ukasukumwa. Pua ikarudi.

Upepo mwingine ukaja. Pua ikaenda kushoto kidogo.

Fuuu! Mkia ukasukumwa. Pua ikarudi.

Nyamizi alifumbua jicho moja. Hakuona kuku. Akafumbua na la pili. Aliona mbele.

Pua mbele! Mkia nyuma!
Twende zetu kwa Mama!

Shangazi aliimba. Nyamizi aliimba. Panzi aliunguruma. Walivuka mto, wakaona mahali ambapo zamani palikuwa na daraja.

Pua mbele! Mkia nyuma!
Twende zetu kwa Mama!

Nyamizi aliangalia chini. Aliona paa jeupe la hospitali. Aliona mti. Aliona benchi.

Kwenye benchi kulikuwa na mtu mdogo kama punje, anaangalia juu.

"MAMA!" alipiga kelele Nyamizi.

Panzi alitua. Nyamizi alikimbia na kiatu chake kimoja. Mama alinyoosha mkono mmoja, maana mwingine ulikuwa umembeba mtoto. Mkono ule mmoja ulimtosha Nyamizi mzima.

Walikaa hivyo muda mrefu. Nyamizi alilia kidogo. Mama naye alilia kidogo. Shangazi alilia sana, na hakuna aliyemwomba.

"Mtazame mdogo wako," alisema Mama.

Nyamizi alifunua kitenge. Mtoto alikuwa mwekundu na amekunjamana, kama kiazi kitamu kilichotoka chunguni.

"Ana pengo kubwa kuliko langu," alisema Nyamizi. "Ana pengo mdomo mzima!"

Walipanda ndege. Mama alinusa. Alinusa tena.

"Wifi," alimwambia Shangazi, "mbona ndege inanukia chapati?"

"Ni habari ndefu, wifi yangu," alisema Shangazi. "Funga mkanda."

Pua mbele! Mkia nyuma!
Twende zetu nyumbani!

Mtoto alilala njia nzima. Kichwa chake kiliinama huku, kikainama huko, maana watoto wachanga hawana adabu ya kichwa. Lakini Panzi alikwenda sawa, mbele, moja kwa moja mpaka Kasungwa.

Kijiji kizima kilikuwa uwanjani. Wote walikuwepo isipokuwa Baba, aliyekuwa bado msituni, na Mzee Lugendo. Mzee alikuwa bado amefungwa.

"Karibuni!" alipiga kelele kutoka mbali. "Siwezi kuja! Mimi ni mlango!" Mbuzi mmoja alikuwa anamla kofia.

Mama alishuka na mtoto. Watu walisogea. Waliangalia. Wakasema, "Aaaaa!"

Kisha Mama Kulwa alijifuta mikono. Alipiga makofi mawili.

"Hodi, hodi! Naomba kuazima mtoto! Kidogo tu, mpaka kesho kutwa."

"Na mimi baada yake!" alisema jirani wa kwanza.

"Na mimi Jumatano!" alisema jirani wa pili.

Wakapanga foleni. Foleni ilikwenda mpaka kisimani.

Mama alimkumbatia mtoto. Alimtazama Shangazi. Shangazi alifungua mdomo, na neno lilikuwa tayari linatoka, neno lile lile la siku zote. "Chu... chu..."

"HAPANA!" alisema Nyamizi.



Kasungwa haikuwahi kusikia neno hilo. Mama mmoja alidondosha kinu alichoazima. Mlango wa banda la mbuzi ulisema, "Ametukana?"

 Nyamizi alisimama mbele ya Mama.

"Shikamooni," alisema kwanza, maana adabu ni adabu. "Ungo unaazimwa. Mwiko unaazimwa. Mtoto haazimwi. Ana mahali pake. Njooni mumwone kwetu, mkae, mnywe chai, lakini yeye anabaki na Mama."

Mama Kulwa alifikiri. Alilionja lile neno.

"Ha-pa-na," alisema taratibu. "Hapana. Kumbe linatamkika!"

"Hapana!" alijaribu jirani wa kwanza. "Halina hata mfupa!"

"Jamani," alisema Mama Kulwa, "miaka ishirini watu wanaazima sufuria langu la pilau, na mimi ninapika pilau kwenye ndoo!"

Watu walicheka. Walicheka mpaka foleni ikavunjika.

"Lakini vibao vyangu vya chapati utanirudishia, mwanangu?" aliuliza Mama Kulwa.

Sasa Shangazi Kabula mwenyewe alisogea mbele. Alivua kofia. Jasho lilimtoka.

"Mama Kulwa, jirani yangu mpenzi. Ha... Ha..."

"Sema, Shangazi," alinong'ona Nyamizi.

"Ha... Hapana! Ule ni mkia. Kazi yake iko nyuma ya ndege. Ndio unaotufikisha salama."

Alilisema, na hakufa. Alijipapasa kuhakikisha. Hakika, hakufa.

Kisha, kwa kuwa roho yake ilikuwa ile ile, akampa Mama Kulwa meza yake ya chakula. Akampa Mzee Lugendo mlango wa jiko lake. Na nyungo zilizotoboka akaahidi kusuka mpya, ingawa hakujua kusuka.

Mzee Lugendo alifunguliwa saa kumi na mbili jioni. Aliweka mlango mpya, akajinyoosha. Kwa mazoea, alikwenda nyumbani kwa ubavu.

Jioni hiyo chai iliisha masufuria matatu. Kila mtu alimwona mtoto. Kila mtu alimshika kidogo, pale pale, karibu na Mama. Kisha walikwenda kwao mmoja mmoja.

Nyumba ikatulia.

Mtoto alilala upande mmoja wa Mama. Nyamizi alilala upande wa pili. Kichwani alikuwa bado na ganda moja la karanga, na Mama alilitoa.

"Mama," alinong'ona Nyamizi.

"Naam, mwanangu."

"Hodi, hodi. Naomba kuazima mkono wako. Mpaka nipate usingizi tu."

Mama alimgeukia.

"Hapana," alisema. "Mkono huu siazimishi."

Moyo wa Nyamizi ulifanya puu, kama gunzi.

"Mtu haazimi kilicho chake," alisema Mama. "Huu ni wako. Ulikuwa wako siku zote tisa, na leo, na kesho."

Akauweka mkono shavuni mwa Nyamizi. Ulikuwa na joto, na harufu ya chai.

Nyamizi aliushika kwa mikono yake miwili, akalala nao mpaka asubuhi.